Juu ya Asili ya Wakeni

Katika Agano la Kale wametajwa watu waitwao Wakeni, mara chache tu na kwa maneno machache, hata mtu aweza kusoma Biblia miaka mingi bila kuwaangalia. Walakini darasani na mimbarani wamepewa habari nyingi kuliko walizopewa na Maandiko yenyewe. Husemwa ya kuwa ni uzao wa Kaini. Husemwa ya kuwa walikuwa wahunzi wenye kutangatanga. Na wenye elimu zaidi husema ya kuwa ndio waliomfundisha Musa jina la Mungu. Maneno haya matatu huenda pamoja kama ng'ombe waliofungwa kamba moja: ukimvuta mmoja, wote hufuata. Nia yangu katika makala haya ni kuikata kamba hiyo, tumtazame kila mmoja peke yake.

Ninayo sababu ya kuandika. Zamani, nilipokuwa mwalimu kijana, niliwafundisha wanafunzi wa dini habari za Kaini, nami nikaongeza neno nililolikuta katika daftari la masomo yangu: kwamba Wakeni walikuwa watoto wa Kaini, wakawa wafua chuma, na kwa ajili ya laana ya baba yao hawakupata mahali pa kukaa. Nililisema kwa haraka, kama mtu apitaye njia. Lakini darasani alikuwamo kijana wa ukoo wa wahunzi. Wenzake wakacheka, na toka siku ile wakamwita Kaini. Juma la pili hakuja. Juma la tatu alikuja baba yake, mzee mwenye makovu ya cheche mikononi, akasimama mlangoni. Hakunigombeza. Alisema, "Mwalimu, jembe la bustani yako nalilifua mimi, na kengele ya mbuzi wako pia. Nataka unionyeshe tu, hiyo laana yetu imeandikwa wapi?" Nikafungua Biblia, nikatafuta mbele yake, nikatafuta tena, nisiione. Nikamwambia, "Mzee, nipe siku." Makala haya ni malipo ya deni hilo.

I. Yaliyoandikwa

Kwanza na tukusanye ushahidi, maana si mwingi. Katika Mwanzo 15:19 Wakeni ni wa kwanza katika orodha ya makabila kumi ambayo Abramu aliahidiwa nchi yao. Katika Hesabu 24:21–22 Balaamu anawatazama na kutabiri ya kuwa, ijapokuwa makao yao yako juu ya mwamba kama kiota, watachukuliwa na Ashuru. Waamuzi 1:16 yawaonyesha wakipanda pamoja na wana wa Yuda kutoka mji wa mitende mpaka jangwa la upande wa Aradi. Waamuzi 4 na 5 zamtaja Heberi Mkeni, aliyejitenga na ndugu zake akapiga hema karibu na Kedeshi huko kaskazini, na mkewe Yaeli aliyemwua Sisera. Katika 1 Samweli 15:6 Sauli awaonya watoke kati ya Waamaleki kabla ya vita, kwa kuwa waliwatendea wema Waisraeli walipotoka Misri. Daudi naye alimwambia Akishi ya kuwa ameshambulia upande wa kusini wa Wakeni (1 Samweli 27:10), naye alikuwa akimdanganya. Baadaye aliwapelekea watu wa miji ya Wakeni sehemu ya nyara kama marafiki (30:29). Mwisho, 1 Mambo ya Nyakati 2:55 yataja jamaa za waandishi waliokaa Yabesi, na kusema ya kuwa hao ni Wakeni, wa ukoo mmoja na nyumba ya Rekabu.

Tukiyapima haya twapata mambo mawili ya hakika. La kwanza, makao yao yalikuwa kusini, katika Negebu na mpaka wa jangwa la Yuda, na nyumba moja ilihamia kaskazini. La pili, walikuwa watu wa katikati. Walikaa na Waamaleki bila kuwa maadui wa Israeli, na nyumba ya Heberi ilikuwa na amani na Yabini mfalme wa Hazori wakati Israeli walipokuwa wakipigana naye. Tena tusipite neno moja dogo: walikuwa na miji. Anayewaita watu wa kutangatanga milele na aeleze zawadi ya Daudi ilipokewa wapi.

Lakini asili yao haikuandikwa. Katika Mwanzo 10, palipotajwa mataifa yote yatokayo kwa wana wa Nuhu, Wakeni hawamo. Katika Mwanzo 25, wana watano wa Midiani wametajwa kwa majina, wala hakuna jina la Wakeni. Katika Mwanzo 36, palipo na vizazi vya Esau, twamwona Kenazi, ambaye huenda ni baba wa Wakenizi, lakini Wakeni hatuwaoni. Kitabu kinachopenda nasaba kuliko vyote kimewaacha watu hawa bila baba. Mwenye kuwapa baba ajue ya kuwa amempata nje ya orodha hizo.

II. Je, ni wana wa Kaini?

Hoja ya wanaosema hivyo si hoja ya wajinga. Katika Kiebrania jina la Kaini na jina la kabila hili ni moja. Balaamu anapowatabiria Wakeni huliita kabila lenyewe Kaini, na katika Waamuzi 4:11 Heberi amejitenga na Kaini, kwa maana ya kabila. Zaidi ya karne moja iliyopita, mwaka 1894, Bernhard Stade, mtaalamu wa Ujerumani, aliandika ya kuwa ile alama aliyotiwa Kaini ilikuwa chale ya kabila. Kwa maoni yake, habari ya Kaini ni habari ya kabila zima iliyosimuliwa kama habari ya mtu mmoja: kabila lisilo na mashamba, lizungukalo jangwani, lenye alama yake, na lenye kulipiza kisasi kikali mtu wao akiuawa. Wengi walimfuata.

Mimi naona mambo manne yanayoizuia rai hii.

Kwanza, Maandiko yenyewe hulieleza jina la Kaini kwa njia nyingine. Hawa alipomzaa aliliunga jina lake na neno la Kiebrania lenye maana ya kupata. Balaamu naye alichezea jina la Wakeni kwa neno la kiota, ambalo hulingana nalo kwa sauti. Basi katika Biblia jina hili limeelezwa mara mbili, kila mara kwa namna yake, wala katika mara hizo mbili haikutajwa laana.

Pili, msomaji anayeshika habari ya gharika kama ilivyoandikwa hawezi kumfanya Kaini baba wa kabila la siku za Daudi, maana Nuhu ni wa ukoo wa Sethi. Na yule anayesema ya kuwa habari hizi zilitoka katika mapokeo mbalimbali yaliyounganishwa baadaye, na asimame huko huko. Asichukue gharika kwa mkono mmoja na nasaba ya Kaini kwa mkono wa pili, kisha akamtwisha mtoto wa mhunzi zote mbili.

Tatu, kama mfanano wa jina watosha, mbona tumchague Kaini? Katika Mwanzo 5:9, katika ukoo wa Sethi wenyewe, yumo Kenani mwana wa Enoshi, na jina lake katika Kiebrania ni herufi zile zile tatu za Kaini pamoja na moja ya ziada. Kwa hoja ya sauti tu, Wakeni waweza kuwa wa mstari wa Nuhu kama vile waweza kuwa wa mstari wa muuaji. Sijapata kumsikia mhubiri yeyote akiwapa Kenani. Hapo ndipo niliposhuku ya kuwa tuliongozwa na kupenda laana zaidi ya kupenda herufi.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote: hakuna nabii, wala mfalme, wala mwandishi wa Agano la Kale aliyewakumbusha Wakeni damu ya Habili. Sauli alipotaja mambo ya kale juu yao alitaja wema wao. Katika nchi ambayo watu hawasahau kosa la babu wa babu, kimya hicho si kitu kidogo.

Sisi wa Afrika Mashariki tunayo sababu ya kuogopa hoja za mfanano. Mwaka 1904 Merker, ofisa wa jeshi la Wajerumani aliyekaa Moshi, alitoa kitabu kikubwa juu ya Wamasai. Humo alidai ya kuwa Wamasai na Waebrania walitoka katika watu wamoja wa kale, na ushahidi wake mkubwa ulikuwa hadithi alizosimuliwa, zinazofanana na habari za kitabu cha Mwanzo. Kazi yake ina mambo mengi yenye faida, lakini wataalamu waliofuata hawakuikubali nasaba ile. Hadithi yaweza kusafiri bila damu kusafiri nayo, na kadhalika jina.

III. Je, walikuwa wahunzi?

Hapa hoja ni bora. Katika Kiarabu cha kale neno qayn lina maana ya mhunzi, na katika lugha za jamii ya Kiaramu liko neno la namna hiyo hiyo. Katika Kiebrania chenyewe, 2 Samweli 21:16 hutumia neno lenye herufi hizo kwa mkuki wa Mfilisti ambao uzito wake ulikuwa shekeli 300 za shaba. Tena katika uzao wa Kaini yumo Tubal-kaini, mfua shaba na chuma. Na nchi nayo yakubali: katika bonde la Araba, kusini mwa Bahari ya Chumvi, yako machimbo makubwa ya shaba ya zamani, upande wa mashariki huko Feinan na upande wa magharibi huko Timna. Wakeni walikaa si mbali nayo.

Wataalamu wakaongeza mifano. Katika kaburi moja huko Beni Hasan, Misri, iko picha ya karne ya 19 K.K. ionyeshayo kundi la watu wa Asia wakiingia Misri, na maandishi yake yasema idadi yao ni 37. Juu ya punda kimo chombo ambacho Albright alikitambua kuwa mvukuto, ingawa wengine hawakukubali. Pia walitaja Wasoluba wa Arabuni, ambao msafiri Doughty aliwaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1888: watu wenye punda, wawindaji na watengenezaji wa vyombo, waliopita kati ya makabila yenye kupigana bila kuguswa na mtu. Mfano huu waeleza vema jinsi Heberi alivyoweza kuwa rafiki wa pande mbili.

Haya yote yaniingia akilini. Lakini kufaa si kuthibitika. Na tuyaulize Maandiko: ni wapi Mkeni ameonekana amesimama mbele ya fuawe? Hakuna mahali hata pamoja. Kazi za shaba na dhahabu za hema ya kukutania alipewa Bezaleli wa kabila la Yuda, na msaidizi wake Oholiabu wa kabila la Dani. Kama Wakeni walikuwa mafundi na wakwe wa Musa, mbona hawakuitwa? Katika 1 Samweli 13 twasoma ya kuwa siku za Sauli hapakuwa na mhunzi katika nchi yote ya Israeli, na mtu alishuka kwa Wafilisti kunoa jembe lake, akilipa ujira. Yamkini Wakeni wa siku zile walikaa mbali kusini pamoja na Waamaleki, nakubali. Lakini waliokuwa marafiki tangu Misri, kama kweli mivukuto yao ilikuwa ikivuma Negebu, wangalau wangetajwa hapo.

Mkeni mmoja tu ameshika nyundo katika Biblia nzima, naye ni Yaeli. Nyundo ile ni ya kupigilia vigingi vya hema, na mahali wakaapo watu wa mahema aghalabu kazi hiyo ni ya wanawake. Haikufua kitu.

Basi hukumu yangu juu ya neno la pili ni hii: yaelekea kuwa kweli ya kwamba jina lao lilihusiana na ufuaji, na yawezekana baadhi yao walikuwa mafundi. Lakini kusema "Wakeni walikuwa wahunzi", kama tusemavyo "Wafilisti walikaa pwani", ni kupita mpaka wa ushahidi.

Hapa pana jambo lituhusulo sana. Mwaka 1990 Paula McNutt alitoa kitabu juu ya chuma katika Israeli ya kale, na kwa kueleza cheo cha mhunzi alitumia habari za wahunzi wa Afrika. Njia hiyo ni njema, maana hapa kwetu mambo ya mvukuto na makaa yaliandikwa na watu walioyaona kwa macho. Lakini mwenye kuitumia na achukue habari zote, asichague. Kwa Wamasai wa zamani, wahunzi, waitwao Ilkunono, walitengwa: wengine hawakuoana nao, na Hollis aliandika mwaka 1905 ya kuwa mtu alipaka mkono wake mafuta kabla ya kushika kitu kilichoshikwa na mhunzi. Hapo hapo jirani, katika milima ya Upare, mapokeo ya Ugweno yasimulia kinyume chake: ukoo wa Washana, ambao ni ukoo wa wafua chuma, ndio uliotawala nchi kabla ya kuondolewa na Wasuya. Mlima mmoja na uwanda mmoja vyatazamana, na mhunzi mmoja ametengwa na mwingine ametawala. Basi anayesema "wahunzi kila mahali huhesabiwa kuwa wamelaaniwa, kwa hiyo Wakeni walilaaniwa" hajatembea hata mwendo wa siku chache katika nchi yetu.

IV. Mkwe wa Musa

Sasa nageukia fundo la lugha, na walimu wa Kiswahili watalifurahia. Baba wa mke wa Musa katika Kutoka 2:18 ni Reueli, katika Kutoka 3:1 ni Yethro, naye ni kuhani wa Midiani. Katika Hesabu 10:29 yuko Hobabu mwana wa Reueli Mmidiani. Lakini Waamuzi 1:16 yataja Mkeni ambaye Musa alioa kwake, na Waamuzi 4:11 yasema ya kuwa jamaa wa Musa kwa ndoa ni Hobabu. Je, mtu huyu ni Mmidiani au Mkeni? Na majina matatu ni ya watu wangapi?

Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti peke yake. Irabu zilitiwa karne nyingi baadaye. Neno lenyewe lina konsonanti tatu, ambazo twaweza kuziandika kh-t-n. Likisomwa khoten ni baba wa mke. Likisomwa khatan ni bwana arusi, au mume wa binti. Shina lenyewe ni la ujamaa upatikanao kwa ndoa. Msomaji wa Kizungu huona taabu hapo, maana lugha yake ina jina moja kwa kila mtu. Sisi hatuoni ajabu. Neno letu mkwe lafanya kazi hiyo hiyo: baba wa mke ni mkwe, mama wa mke ni mkwe, na mume wa binti naye ni mkwe, na asikiaye hujua kwa maneno yanayozunguka. Kwa ndugu wa mke tunalo neno jingine, shemeji. Basi mfasiri akifika Waamuzi 4:11 hana budi kuchagua. Akisema Hobabu ni baba mkwe, amegongana na Hesabu, ambako Hobabu ni mwana wa Reueli. Akisema ni shemeji, mgongano umekwisha, lakini na ajue ya kuwa yeye ndiye aliyeumaliza. Mimi ningeandika "mkwewe Musa", nikaiacha shaka mahali ilipo, maana kazi ya mfasiri si kuwa hakimu wa mwandishi. Hata Waamuzi 1:16, katika Kiebrania, haikumpa Mkeni yule jina. Wafasiri wa kale wa Kiyunani walimwongezea, wala nakala zao hazipatani juu ya jina lenyewe.

Ama kuhusu Mmidiani na Mkeni, sioni ya kuwa ni lazima kukataa moja. Mtu wa Ugweno akiwa Dar es Salaam huitwa Mpare, akiwa Same hujiita Mgweno, na akiwa nyumbani huulizwa ukoo wake, akajibu Mshana. Hakusema uongo mara tatu. Alijibu kila mtu kwa kadiri ya umbali wake. Yawezekana Wakeni walikuwa ukoo mmoja kati ya makundi yaliyoitwa Midiani na watu wa mbali. Nasema yawezekana tu, maana Mwanzo 25, kama nilivyoonyesha, haikuwataja. Yawezekana pia walikuwa kabila jingine lililokuwa likisafiri nao, majina yakachanganyika katika masimulizi.

V. Je, walimfundisha Musa?

Neno la tatu ndilo zito. Katika karne ya 19 wataalamu kadhaa wa Ulaya walisema ya kuwa jina la Mungu lenye herufi nne, ambalo tafsiri zetu huliandika BWANA, lilijulikana kwanza kwa Wakeni au Wamidiani, na Musa alilipata kwa mkwewe. Karl Budde aliieneza rai hii katika kitabu chake cha mwaka 1899. Aliongeza ya kuwa Wakeni walimwabudu Mungu huyu kwa kuzaliwa tu, lakini Israeli walimchagua kwa agano, na katika kuchagua huko ndimo ilimotoka nguvu ya dini yao.

Hoja zake ni hizi. Musa alipokutana na Mungu alikuwa akichunga kondoo za Yethro. Kutoka 6:3 yasema baba zao hawakujulishwa jina hilo. Katika Kutoka 18 Yethro ndiye aletaye sadaka, na Haruni na wazee huja kula pamoja naye mbele za Mungu. Nyimbo za kale, kama wimbo wa Debora na baraka za Musa, zamwonyesha Mungu akitoka Seiri, Parani na Edomu, yaani kusini. Baadaye Yehonadabu mwana wa Rekabu alimfuata Yehu kwa bidii ya kumpinga Baali.

Tangu siku za Budde ardhi nayo imesema kidogo. Katika hekalu la Soleb, nchini Sudani, lililojengwa na Farao Amenhotep III katika karne ya 14 K.K., yako maandishi yatajayo nchi ya wachungaji wa jangwani pamoja na jina linalofanana sana na zile herufi nne. Na huko Timna, mwaka 1969, Rothenberg alifukua hekalu dogo la Wamisri ambalo watu wengine walikuja kuligeuza katika karne ya 12 K.K.: walizivunja sura za mungu mke wa Kimisri, na mabaki ya nguo yadokeza ya kuwa waliezeka hema juu yake. Humo alikuta nyoka wa shaba mwenye kichwa kilichopakwa dhahabu. Nani asingeikumbuka Hesabu 21?

Walakini na tuangalie. Maandishi ya Soleb hutaja nchi, hayasemi kuwa jina hilo ni la Mungu, wala Wakeni hawamo. Nyoka wa Timna hana jina la mwenyewe. Na katika Maandiko, Yethro, baada ya kusikia yaliyotendeka Misri, akiri ya kuwa sasa amejua ukuu wa Mungu wa Israeli juu ya miungu yote. Mwalimu hasemi hivyo mbele ya mwanafunzi wake. Wanaoitetea rai hujibu ya kuwa huo ni ukiri wa mtu aliyethibitishiwa alilokuwa akilijua, na jibu hilo halikosi nguvu. Lakini Mwanzo 4:26 huweka mwanzo wa kuliitia jina hilo katika siku za Enoshi, na Kutoka 3 humwita anayesema na Musa Mungu wa baba zake. Mama wa Musa mwenyewe, Yokebedi, jina lake huhesabiwa na wengi kuwa lina sehemu ya jina hilo ndani yake. Martin Buber, katika kitabu chake juu ya Musa kilichotoka mwaka 1946, aliikataa rai hii, akiona ya kuwa watafutao asili ya Mungu wa Israeli kwa Wakeni hujenga juu ya watu ambao dini yao hatuijui hata kidogo. Hapo naungana naye. Huwezi kueleza jambo lenye giza kwa kulipeleka penye giza zaidi.

Hata hivyo sitaki tuitupe rai hii kwa hofu. Ninao wenzangu waonao ya kuwa inamvunjia Musa heshima. Sioni hivyo. Kutoka 18 yasimulia waziwazi ya kuwa Musa alipokea shauri la kuweka waamuzi kutoka kwa mkwewe asiye Mwisraeli, akalifuata neno kwa neno. Aliyekubali kufundishwa hukumu na mgeni hakupungukiwa. Kama ushahidi mpya ukitokea kesho, tuupokee.

VI. Tufundishe nini?

Nimeyapima maneno matatu. La kwanza, kwamba Wakeni ni uzao wa Kaini uliolaaniwa, lasimama juu ya mfanano wa jina peke yake, na Maandiko hayalichukui. La pili, kwamba walikuwa wahunzi, laelekea kuwa kweli kwa sehemu, lakini halikuandikwa. La tatu, kwamba Musa alifundishwa nao jina la Mungu, ni dhana yenye hoja nzuri na mapengo makubwa. Na kamba iliyoyafunga haikuwapo, tuliisokota sisi.

Mwalimu aliyebanwa na saa ya somo ataniuliza: basi niwaambie watoto nini? Awaambie yaliyoandikwa. Awaambie ya kuwa Wakeni walikuwa wakwe wa Musa, waliowatendea Israeli wema njiani. Ya kuwa wema ule ulikumbukwa mpaka siku za Sauli ukawaokoa na upanga. Ya kuwa Warekabi, jamaa zao, waliwekwa na Yeremia, katika sura ya 35, kuwa kielelezo cha watu watiio neno la baba yao. Na awaonyeshe 1 Mambo ya Nyakati 2:55, ambako Wakeni wa mwisho tunaowasikia wameitwa waandishi. Wako wasomao neno lile kuwa ni jina la watu wa mji fulani, lakini maana iliyo karibu ni waandishi. Tukifuata maana hiyo, habari ya mwisho ya kabila hili yawaonyesha wameshika kalamu, kama sisi.

Nilirudi kwa yule mzee. Nilimkuta kwenye kibanda chake, mwanawe akivukuta. Nikamwambia, "Mzee, nimetafuta. Haikuandikwa popote. Kosa lilikuwa langu." Akaendelea kugeuza chuma kwa koleo mpaka kilipopoa rangi, kisha akasema, "Vema, Mwalimu. Lakini ulilisema mbele ya watoto. Utaliondoa mbele ya nani?" Jumapili iliyofuata nililiondoa mbele ya watoto wale wale, kifungu kwa kifungu, na kijana alirudi darasani baada ya mavuno.

Nawasihi ndugu walimu na wachungaji wayatazame madaftari yao ya zamani, na wakilikuta humo neno la Wakeni na laana, walipige mstari. Na mwenye ushahidi nisiouona, hasa anayejua Kiebrania kuliko mimi, na auandike, nami nitausoma kwa shukrani.